Kusoma Mali na Thamani Kwenye Chati ya Kuzaliwa: Magharibi na Kivedi, Hatua kwa Hatua

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Chati yangu ya Magharibi inaonyesha nyumba ya pili iko Mashuke, ya Kivedi inaonyesha iko Simba. Nifuate ipi?" (Nyumba ni sehemu 12 za chati, kila moja ikihusu upande mmoja wa maisha; Mashuke na Simba ni nyota, yaani alama za zodiaki.) Likijibiwa, linafuata la pili: "Nyumba yangu ya pili haina sayari hata moja. Ndiyo kusema sitapata mali?"

La pili jibu lake ni hapana, na sababu utaiona hatua ya 3. La kwanza linahitaji kazi kidogo, kwa sababu mifumo hii miwili haijibu swali moja. Unajimu wa Magharibi umeweka pesa na kile unachokithamini ndani ya nyumba moja, ya pili, na unauliza: kipi kina thamani kwako, na je, wewe mwenyewe unajiona una thamani? Unajimu wa Kivedi, yaani Jyotisha wa India, umezigawa nyumba za mali: kuna ya akiba, ya mapato, ya bahati, ya madeni. Swali lake ni mali inatoka wapi, inakaa au inapita, na lini. Ukiupeleka kila mfumo kwenye swali lake, hautakuchanganya.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tarehe, mahali na saa ya kuzaliwa. Saa itoke kwenye cheti au kadi ya hospitali ikiwezekana. Nukta ya zodiaki inayochomoza mashariki unapozaliwa husogea digrii moja kila dakika 4 hivi, na nyota inayochomoza hubadilika kila baada ya saa 2 kwa wastani. "Asubuhi asubuhi hivi" haitoshi. Programu hutumia saa za kimataifa, kwa hiyo saa nne asubuhi andika 10:00. Kosa hili dogo limeharibu chati nyingi.
- Programu ya kuchora chati. Tovuti ya Astrodienst inatosha kwa chati ya Magharibi. Kwa Kivedi, Jagannatha Hora ni programu ya bure ya kompyuta.
- Karatasi mbili, moja kwa kila mfumo. Usiandike zote kwenye karatasi moja, utakuja kuelewa kwa nini.
- Orodha ya nyota 12 na sayari inayomiliki kila moja: Punda (Mirihi), Ng'ombe (Zuhura), Mapacha (Utaridi), Kaa (Mwezi), Simba (Jua), Mashuke (Utaridi), Mizani (Zuhura), Nge (Mirihi), Mshale (Mshtarii), Mbuzi (Zohali), Ndoo (Zohali), Samaki (Mshtarii). Wanajimu wengi wa Magharibi wa leo humpa Pluto nyota ya Nge, Uranus nyota ya Ndoo, na Neptune nyota ya Samaki. Kivedi hakifanyi hivyo.

Tahadhari moja kabla ya yote

Usinunue, usikope, usiuze wala usiache kazi kwa sababu ya chati. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu walipewa chati na maelezo matatu ya tabia, wachague maelezo ya mwenye chati. Walipatia kwa kiwango kile kile ambacho mtu angepatia kwa kubahatisha. Mimi naupenda unajimu na nausoma kwa dhati, na ndiyo maana nasema hili wazi: chati ni chombo kizuri cha kujiuliza maswali kuhusu pesa ambayo usingejiuliza. Haijui bei ya hisa kesho.

Hatua ya 1: Toa chati mbili kwa mipangilio sahihi

Chati ya Magharibi: chagua zodiaki ya tropiki. Kwa nyumba, anayeanza achague mfumo wa nyota nzima, ambapo kila nyota ni nyumba moja kamili. Placidus, mfumo mwingine wa kugawa nyumba, ndiyo huja yenyewe kwenye programu nyingi, nayo si kosa, ila itakuja baadaye.

Chati ya Kivedi: chagua zodiaki ya nyota halisi (sidereali, au nirayana), na ayanamsha ya Lahiri. Ayanamsha ni tofauti kati ya zodiaki hizi mbili. Ya tropiki huanza pale Jua lilipo siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana. Ya Kivedi imefungwa kwenye nyota zenyewe za angani. Kwa kuwa mhimili wa dunia unayumba polepole, zodiaki hizo huachana kwa digrii moja kila miaka 72 hivi, na sasa zimeachana takriban digrii 24. Kipimo cha Lahiri ndicho kilichofuatwa na kamati ya marekebisho ya kalenda ya India miaka ya 1950, chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, na ndicho kinachotumiwa zaidi hadi leo.

Huu ni mfano wa kubuni tutakaoufuata hadi mwisho. Mtu alizaliwa mchana, ayanamsha tumeikadiria kuwa digrii 24 kamili:

- Inayochomoza: Simba digrii 10 kwa Magharibi, Kaa digrii 16 kwa Kivedi
- Jua: Ng'ombe 5, Punda 11
- Mwezi: Mbuzi 20, Mshale 26
- Utaridi: Punda 20, Samaki 26
- Zuhura: Mapacha 12, Ng'ombe 18
- Mshtarii: Nge 14, Mizani 20

Kagua chati zako namna hiyo hiyo. Kama kila kitu hakijarudi nyuma kwa digrii zile zile, kuna mpangilio ulioukosea.

Sehemu ya Magharibi

Hatua ya 2: Soma nyota iliyo kwenye nyumba ya pili

Hesabu kuanzia nyota inayochomoza, yenyewe ikiwa ya kwanza. Kwa mfano wetu Simba ni ya kwanza, Mashuke ni ya pili.

Usikimbilie kuuliza "atakuwa na pesa?" Uliza nyota hiyo inathamini nini. Mashuke huthamini kitu kinachofanya kazi, kilichopangika, kilichofanyiwa umakini. Mtu huyu atatoa pesa kwa kifaa bora cha kazi yake na kuzibana kwa pambo. Hatari yake ni kujipima kwa makosa yake: akiteleza kidogo, anajiona hafai, na anaomba malipo madogo kuliko anayostahili. Hapo ndipo mfumo wa Magharibi unapong'aa. Tangu unajimu wa kisaikolojia ulipopata nguvu karne ya 20, nyumba ya pili haisomwi tena kama sanduku la fedha tu, inasomwa pia kama mahali mtu anapojipa bei.

Andika sentensi moja kwenye karatasi ya Magharibi, ukianza na "Najiona nina thamani ninapo…". Ikikushinda, rudi ukasome tabia ya nyota hiyo kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: Mtafute mwenye nyumba ya pili

Hapa ndipo wanaoanza hupaacha, na hapa ndipo jibu la nyumba tupu lilipo. Sayari zinazoonekana kwa macho, pamoja na Jua na Mwezi, ni 7 tu. Nyumba ni 12. Lazima nyumba kadhaa zibaki bila mkaazi. Nyumba tupu husomwa kupitia mwenye nyumba, yaani sayari inayomiliki nyota yake, popote alipo.

Mashuke inamilikiwa na Utaridi. Katika mfano, Utaridi yuko Punda, nyumba ya 9: elimu ya juu, safari za mbali, uchapishaji, imani. Basi uwezo wa kupata pesa umepelekwa kwenye maarifa, kufundisha, kuandika, kutafsiri, na kwa sababu ya Punda, kwa haraka na bila kusubiri ruhusa. Ongeza mstari huo kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Kama kuna sayari ndani, isome nayo

Kwa ufupi: Zuhura hupenda raha na vitu vizuri, Mirihi hutafuta pesa kwa kupambana na huitumia kwa pupa, Mshtarii hupanua, mapato na matumizi vyote viwili, Zohali huleta woga wa kupungukiwa na nidhamu ya kuweka akiba, mara nyingi kwa pamoja, Mwezi hufanya pesa ipande na kushuka na hisia. Neptune huleta ukungu kwenye hesabu, kwa hiyo mwenye Neptune hapo aandike kila anachotumia. Mfano wetu hauna sayari hapo, tunapita.

Hatua ya 5: Tazama Zuhura, halafu nyumba ya nane

Zuhura ndiye sayari ya thamani popote alipo. Mfano wetu anaye Mapacha, nyumba ya 11: anathamini mazungumzo, watu wengi, marafiki wanaomfungulia milango. Nyumba ya nane ipo mkabala na ya pili, na inahusu pesa za watu wengine: urithi, mkopo, kodi, mali ya ndoa. Kwa mfano huu iko Samaki, na mwenyewe kwa kanuni ya zamani ni Mshtarii, aliye nyumba ya nne ya familia na makazi. Ukisoma ya pili bila ya nane utapata nusu ya habari, maana watu wengi migogoro yao mikubwa ya pesa haihusu walichonacho, inahusu wanachogawana.

Ukitaka kitu cha zamani zaidi, ongeza Sehemu ya Bahati, nukta waliyoitumia wanajimu wa Kigiriki. Kwa aliyezaliwa mchana: inayochomoza, jumlisha Mwezi, toa Jua. Kwa wa usiku, inayochomoza, jumlisha Jua, toa Mwezi. Hapa hesabu zote huanzia Punda 0: 130 + 290 − 35 = 385; toa 360, inabaki 25, yaani Punda 25, karibu kabisa na Utaridi mwenye nyumba ya pili. Hilo linatilia mkazo habari ya hatua ya 3.

Weka karatasi ya Magharibi pembeni. Usiichungulie mpaka hatua ya 10.

Sehemu ya Kivedi

Hatua ya 6: Anza na ya pili na ya kumi na moja kwa pamoja

Nyumba ya pili huitwa Dhana, ya kumi na moja Labha. Dhana ni mali iliyokusanywa, lakini pia familia uliyolelewa nayo, usemi wako, na chakula. Labha ni kinachoingia. Mtu anaweza kuwa na Labha imara na Dhana dhaifu: pesa inaingia kila mwezi na mwisho wa mwezi haipo. Ndiyo maana huwezi kusoma moja bila nyingine.

Mfano: inayochomoza ni Kaa, ya pili ni Simba, mwenyewe Jua. Jua liko Punda, nyumba ya 10 ya kazi na cheo, nyota ambamo limetukuzwa, yaani lina nguvu zaidi, karibu na digrii yake ya kilele ambayo ni 10. Akiba ya mtu huyu inajengwa na wadhifa na jina lake kazini. Ya kumi na moja ni Ng'ombe, na Zuhura yuko humo humo nyumbani kwake. Mapato mazuri, hasa kupitia watu na mitandao ya watu.

Hatua ya 7: Tafuta Dhana yoga

Hii ndiyo roho ya usomaji wa mali katika Jyotisha, kwa hiyo usiharakishe. Nyumba ya 5 na ya 9 ni za baraka na bahati, na hutajwa kama makao ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali wa Wahindu. Wenye nyumba ya 2 na 11 wakiungana na wenye nyumba ya 5, 9 au 1, ni Dhana yoga, muungano wa mali. Kuungana kuna njia tatu kuu: kukaa nyumba moja, kubadilishana nyumba, au kutazamana.

Kuhusu kutazama, kila sayari hutazama nyumba ya 7 kutoka ilipo. Mirihi huongeza ya 4 na ya 8, Mshtarii ya 5 na ya 9, Zohali ya 3 na ya 10. Hesabu ukianza na nyumba sayari ilipo kama 1. Kosa la kuanza na nyumba inayofuata hutokea hata kwa waliozoea.

Mfano: nyumba ya 9 ni Samaki, mwenyewe Mshtarii, aliye Mizani, nyumba ya 4. Kutoka Mizani ya saba ni Punda, na Jua ndiko liliko. Mwenye bahati na mwenye akiba wanatazamana. Yoga ipo.

Angalizo: Mshtarii huyo huyo anamiliki Mshale, nyumba ya 6, ya madeni na mashindano. Baraka inakuja na kazi ngumu au mkopo wa kuanzia. Usiandike nusu unayoipenda tu.

Hatua ya 8: Pima panapovuja

Nyumba ya 6 (madeni, migogoro), ya 8 (misukosuko ya ghafla) na ya 12 (matumizi, hasara) ndizo ngumu. Angalia kama mwenye nyumba ya 2 au 11 ameangukia humo. Katika mfano hakuna, ila Mwezi, ambaye ni mwenye nyumba ya kwanza, yuko ya 6: mtu mwenyewe hubeba wasiwasi wa madeni hata pale ambapo hesabu ziko sawa.

Hatua ya 9: Soma vipindi

Yoga bila kipindi chake hukaa kimya. Mpangilio wa Vimshottari, unaogawa maisha katika vipindi vinavyotawaliwa na sayari, una miaka 120 (Rahu na Ketu ni nukta mbili ambapo njia ya Mwezi hukatana na ya Jua): Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17. Kipindi cha kwanza hutegemea ni ipi kati ya sehemu 27 za njia ya Mwezi ambamo Mwezi ulikuwemo ulipozaliwa. Programu itakufanyia hesabu.

Mwezi wa mfano uko mwishoni mwa Purva Ashadha, sehemu ya Zuhura, na kipindi cha Zuhura kimebakiza mwaka mmoja. Kwa hiyo Jua linashika umri wa 1 hadi 7, Mwezi 7 hadi 17, Mirihi 17 hadi 24, Rahu 24 hadi 42, Mshtarii 42 hadi 58. Kipindi cha Jua, mwenye akiba, kilipita utotoni: neema hiyo ilionekana kwa wazazi, naye alikuwa mtoto. Kipindi cha kuangalia kwa makini ni cha Mshtarii. Kijana wa miaka 28 mwenye chati hii akikuuliza kwa nini "yoga yake haifanyi kazi", jibu ni hilo.

Kuhusu thamani, Kivedi hakina nyumba moja ya kujithamini. Kina malengo manne ya maisha: dharma (nyumba 1, 5, 9), artha yaani mali na riziki (2, 6, 10), kama yaani matamanio (3, 7, 11), na moksha, ukombozi (4, 8, 12). Tazama wenye nyumba za mali wameelekea kundi gani. Wa mfano wetu: Jua liko ya 10, artha, Zuhura iko ya 11, kundi la kama, yaani matamanio. Mali yake inajengwa kwa kazi, inafurahiwa na watu. Mali kwa mfumo huu ni lengo halali, mradi dharma isiachwe nyuma, na ndiyo maana nyumba ya 9 ina uzito mkubwa kiasi hicho.

Hatua ya 10: Weka karatasi mbili pamoja

Sasa soma zote. Utagundua kwamba katika mfano wetu hakuna sayari hata moja iliyohama nyumba: Jua ni ya 10 kote, Zuhura ya 11 kote, Utaridi ya 9 kote. Kilichobadilika ni nyota, na nyota ikibadilika, mwenye nyumba hubadilika. Magharibi humpa Utaridi funguo za pesa, Kivedi huzikabidhi kwa Jua.

Usijaribu kuchagua mshindi. Andika safu mbili: "ninachokithamini" kutoka Magharibi, na "inapotoka na lini" kutoka Kivedi. Kwa mfano: anathamini umakini na maarifa, mali inajengwa kwa cheo na watu, zaidi baada ya miaka 42. Penye mvutano ndipo penye faida. Huyu anaweza kupewa cheo chenye mshahara na akakiona hakina maana kwa sababu hakimpi nafasi ya kufundisha. Hilo ni swali la kweli la maisha, na ndilo umelifuata hapa.

Makosa yanayojirudia

Kuchukua nyota ya Kivedi na kuisoma kwa maelezo ya Magharibi: Jua la Magharibi Ng'ombe na Jua la Kivedi Punda si "mchanganyiko wa Ng'ombe na Punda". Kuhesabu nyumba kutoka kwenye nyota ya kuzaliwa ya magazetini badala ya inayochomoza. Kutumia Pluto kama mwenye nyumba katika chati ya Kivedi. Na kusoma chati ya mtu mwingine bila kuombwa, hasa ya mwenza, kutafuta kama atakuwa tajiri.

Ikikwama

*Placidus na nyota nzima zinanipa nyumba ya pili tofauti.* Ni kawaida, zaidi kwa waliozaliwa mbali na ikweta. Chagua mfumo mmoja, umalize nao usomaji wote. Kuruka kati ya mifumo katikati ya kazi ni kujichagulia majibu.

*Inayochomoza iko digrii 0 au 29.* Dakika chache zinaweza kubadilisha nyumba zote. Thibitisha saa kwanza. Kama haiwezekani, soma chati zote mbili na ulinganishe na mambo yaliyokwisha kutokea.

*Sijui saa kabisa.* Kivedi huruhusu kuufanya Mwezi nyumba ya kwanza; Magharibi huruhusu Jua. Soma kwa mapana tu na uache vipindi: Mwezi husogea nusu digrii hivi kwa saa, na kwa kipindi kama cha Zuhura kosa la saa moja ni takriban miezi 9.

*Programu mbili zinanipa tarehe tofauti za vipindi.* Linganisha ayanamsha, ukanda wa saa, na urefu wa mwaka. Baadhi hutumia mwaka wa siku 360.

*Sayari ninayoisoma imeshuka daraja, yaani iko kwenye nyota inayoidhoofisha.* Kama Utaridi wa mfano, aliye Samaki kwa Kivedi. Kabla ya kuhuzunika, angalia kama mwenye nyota aliyomo yuko nyumba ya 1, 4, 7 au 10 kutoka inayochomoza. Mshtarii, mwenye Samaki, yuko nyumba ya 4, na kanuni inasema hilo hufuta kushuka huko.

*Nimeambiwa ninunue jiwe haraka, vinginevyo nitafilisika.* Muulize ni nyumba ipi, mwenyewe nani, yuko wapi, na kipindi gani. Uyakague kwa hatua ya 6 hadi 9. Akishindwa kukuonyesha, au akiongeza vitisho, ondoka bila kulipa.